Tiba ya kinga ikigoma, usikimbilie vidonge vya kuongeza kinga

Dada yangu alianza tiba ya kinga, yaani dawa zinazosaidia kinga ya mwili kupigana na saratani, kwa saratani ya mapafu, na kwa miezi minane uvimbe ulisinyaa. Kisha picha ya CT ikaonyesha unakua tena. Usiku uleule nikaanza kumtafutia vidonge vya kuongeza kinga. Nilidhani kinga yake imeishiwa nguvu. Nilikosea, na wewe unayeuguza ndugu nakuomba usirudie kosa hilo.

Daktari alituchorea duara kwenye karatasi: uvimbe. Nje akaweka vitone vingi, seli T, zile zinazoua. "Askari wapo," akasema, "ila wamezuiwa mlangoni." Halafu akachora vitone vingine ndani kabisa: makrofaji na seli T za udhibiti. Hizo nazo ni seli za kinga. Kwa kawaida hutufaa, maana huponya vidonda na kutuliza mapambano yasije yakaumiza viungo vizima. Uvimbe huzivuta na kuzifanya walinzi wake. Dada aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Wiki nzima alikuwa akijilaumu kwamba mwili wake ni dhaifu.

Dawa aliyokuwa akitumia, pembrolizumab, huondoa breki moja ya seli T, iitwayo PD-1. Ni breki aliyoigundua Tasuku Honjo, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Lakini seli T isipoufikia uvimbe, au ikiwa imepigana hadi imechoka, au saratani ikificha alama inayoitambulisha, kuondoa breki hiyo hakutoshi. Kidonge cha dukani hakifungui mlango huo, na vingine huumiza ini.

Kwa hiyo, ulizeni kama inawezekana kuchukua kinyama kipya, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kwa sababu saratani iliyorudi huenda imebadilika. Ulizeni pia kama uvimbe umekua kweli. Mara chache seli za kinga humiminika ndani yake ukaonekana mkubwa kwenye picha, kumbe dawa inafanya kazi.

Mwambieni daktari kila dawa mgonjwa anayomeza, hasa antibiotiki na steroidi (dawa zinazotuliza kinga), kwani zinaweza kugusa kazi ya tiba hii. Ila hapa nasisitiza: daktari akiandika steroidi kwa sababu kinga imegeukia mapafu au utumbo, msizikatae kwa kuogopa kuharibu tiba. Madhara hayo yanaweza kuua. Kikohozi kipya, kukosa pumzi au kuharisha kusikokoma, pigeni simu siku hiyohiyo.

Dada alichukuliwa kinyama kipya, na sasa yuko kwenye kemo, dawa za kuua seli za saratani. Ile karatasi imo ndani ya faili lake. Nyuma yake ameandika kwa mkono wake maswali matatu ya kumuuliza daktari Jumanne.