Land Rover Discovery 4 inalala tumbo kila asubui, garaji wanaomba dola 3 800: usilipe kwanza

Jambo ndugu. Nimekusoma vizuri: Discovery 4 ya 2012, umenunua okaziyo, jioni unaiacha imesimama sawa, asubui unaikuta imelala chini pande zote nne, na garaji wamekuandikia dola 3 800, baloni nne (mifuko ya mpira yenye hewa inayobeba gari) na kompresa (pompi ya kuzijaza hewa). Unauliza kama ulipe, ao utoe mambo ya hewa yote uweke resori za chuma. Mimi niko na ya kwangu hapa Lubumbashi na ile ugonjwa naijua, kwa hiyo vumilia, jibu ni ndefu.

Kwanza hiyo "zote nne". Fundi akikuta gari imelala pande zote anasema baloni zote zimekufa, na kwa macho utaona eko na haki. Lakini hii gari hailali usingizi kabisa, hata umefunga milango ukaingia nyumbani kompyuta ya suspansiyo inaamka mara kwa mara, inaangalia kona gani imeshuka, kisha inatoa hewa ku zile zingine ili gari ikae sawa. Sasa baloni moja ya mbele ikivuja, zile tatu nzima zinateremshwa kuifuata. Asubui unahesabu maiti nne kumbe mgonjwa ni mmoja.

Kujua ni nani haikuombi hata franki. Paki pa tambarare, gari ku urefu wa kawaida, zima, chukua metre upime kila kona kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, andika. Halafu toa fyuzi ya suspansiyo (kitabu cha gari kinaonyesha iko wapi), maana bila fyuzi kompyuta haiwezi kushusha kitu usiku. Asubui upime tena MBELE ya kurudisha fyuzi. Kona yenye imeshuka njo yenye inavuja. Rudisha fyuzi, washa gari ipande, mwagia ile kona maji ya sabuni: ku mikunjo ya mpira, na pale juu kwenye mupira mudogo wa hewa unaingia, maana mara zingine baloni ni nzima kabisa, ni kile kiungo tu kinavuja na unaweza kukikaza ao kukibadilisha kwa pesa ya soda. Kama kona mbili za mbele zimeshuka pamoja sawasawa, angalia na bloki ya valvu ya mbele, ile inagawa hewa ku zile kona mbili, usikimbilie kununua.

Kwangu ilikuwa mbele kushoto peke yake. Ilianza mwezi wa sita, na hapa kwetu unajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mpira ukipata baridi unakuwa mugumu na mupasuko mudogo unafunguka, mchana jua likitoka gari iko sawa tena unasema imepona. Haijapona. Vumbi nyekundu ya kiangazi nayo inaingia mu mikunjo, kila ukipita shimo inasaga mpira kama msasa.

Sasa kompresa. Watu wengi wanaanza nayo kwa sababu njo inapiga kelele na njo tablo inalalamikia, na hapo njo pesa inapotea. Kompresa inakufa kwa kuwa kuna mahali hewa inatoka, inafanya kazi bila kupumuzika, inapata moto, inachakaa. Ukiweka mpya juu ya baloni yenye kuvuja utairudia tena. Na mbele ya kusema imekufa angalia relé yake, kale kaswichi kadogo mu boksi ya fyuzi, ikishikana kompresa inazunguka bila kusimama mpaka batri inaisha, ikikufa kompresa hainguruki kabisa na watu wanakuuzia mpya bule. Kompresa yenyewe iko chini ya gari upande wa kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma, ndani ya kifuniko cha plastiki. Jambo moja garaji nyingi hawakuambii: kama kompresa yako ni ya kampuni Hitachi na unaweka ya kampuni AMK, lazima programu ya kompyuta ya suspansiyo ibadilishwe kwa skana, bila hiyo alama itawaka tu.

Bei, kwa vile mimi nililipa: amortisa (shokapu) ya mbele mpya na baloni yake juu, si ya orijino lakini ya kampuni nzuri, kutoka Dubai, ilinifikia hapa na dwani (ushuru) yote kama dola 430. Relé 15. Kazi na skana 100. Kompresa AMK niliulizia, walikuwa wanaomba kati ya 500 na 650, sikuinunua, ya zamani inafanya mpaka leo. Baloni ya okaziyo iliyotolewa ku gari ya ajali usiguse, hata kwa dola 80, mpira wake una miaka sawa na wa kwako.

Resori za chuma sikatai, kwa mtu wa kuzunguka mjini tu ni amani. Lakini seti nzima na kale kaboksi ka kudanganya kompyuta inakaribia bei ya baloni mbili, na utapoteza kupandisha gari, na mimi naenda Kolwezi mu mvua nikiwa nimepakia, ile kupandisha njo sababu nilinunua hii gari.

Na mafundi wako wasiingie chini na kriki peke yake. Hewa ikitoka ghafla bodi inashuka juu ya mtu. Shandeli (vyuma vya kushikilia gari), kila mara.

Fanya ile ya fyuzi leo usiku, kisha andika hapa namba za jioni na za asubui, kona kwa kona, pamoja na jina lenye liko ku kompresa. Nitakuambia ununue nini, na namba ya piyesi.