Mwaka Kogwa Makunduchi: tafuteni mwenyeji kwanza

Wakuu, mleta mada kauliza: yeye na mkewe wanatoka Mwanza, mwishoni mwa Julai watakuwa Unguja, je, walipie gari la watalii kwenda Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kuona Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya za kule, au wajipeleke wenyewe? Jipelekeni, ila tafuteni mwenyeji kwanza. Naeleza kwa nini.

Mimi mtu wa bara, Morogoro. Sikukuu ya Mapinduzi, Januari 12, nimeishuhudia Unguja mara mbili: unakaa jukwaani uwanja wa Amaan, gwaride linapita, hotuba zinasomwa, unarudi zako. Nikadhani na Mwaka Kogwa ni mambo hayo hayo. Jamaa ninayefanya naye kazi Dar kwao ni Makunduchi, akaniambia, "Twende, mama anauliza mgeni wake yuko wapi." Nikacheka. Kumbe kule wanaamini nyumba iliyokosa mgeni siku ya mwaka, hiyo si dalili njema. Mama wa watu alikuwa ananihitaji kweli!

Tulikwenda siku moja kabla, kwa daladala namba 310 kutoka mjini. Nilikuwa nimeshalipia chumba mjini nikitegemea kurudi jioni. Nilipolisema hilo, bi mkubwa akaacha kukuna nazi, akanitazama, akamuuliza mwanawe, "Huyu mgeni wangu au mpita njia?" Chumba kikapotea na hela yake. Nililala kwao usiku tatu.

Kuhusu tarehe, hapo juu kuna aliyesema inahama kama Idi. Hapana, mkuu. Huu ni Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, siku 365, kwa hiyo miaka hii unaangukia mwezi wa Julai. Mwenyeji atawathibitishia siku yenyewe. "Kogwa" ni koga, yaani kuoga: watu wanashuka baharini asubuhi, mwaka wa zamani unabaki huko.

Halafu uwanjani. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa mapande ya migomba. Wazee wanasema zamani zilikuwa fimbo. Wanapigana kweli, si maigizo. Mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakitolea pale, na wakimaliza wameachana nacho. Niliona wawili waliokuwa wakifukuzana na migomba, baada ya saa moja wamekaa mkeka mmoja wanakula pilau. Mimi nilisimama karibu mno, pande likanipasukia begani. Halikuuma sana. Shati ndilo lililokufa: utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo nyeupe hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Nimejaribu.

Wakati huo akina mama, kanga mpya doti kwa doti, wanazunguka uwanja wakiimba. Maneno mengine ni makali, wanawasuta wanaume waziwazi, na siku hiyo hakuna wa kuwajibu. Wakiingia kwenye Kikae, lahaja yao, mbara hupati kitu. Hapa ndipo nilipoboronga. Nilitoa simu nikaanza kurekodi, mama mmoja akakatisha wimbo akaja mpaka usoni kwangu: "Umemwomba nani?" Sikuwa na jibu. Jamaa yangu akaniombea radhi, nami nikaomba mwenyewe. Baadaye yule mama ndiye aliyenitafsiria nusu ya ule wimbo, nusu nyingine akasema nikaoe kwanza.

Kisha kibanda cha makuti. Mtu anaingia ndani, kinawashwa moto, naye anachomoka mbio huku watu wakimfukuza. Wazee wanatazama moshi unakoelekea wausome mwaka. Magari ya watalii yaliondoka moshi ukiwa bado unafuka. Walichokosa ni chakula cha nyumba kwa nyumba, maana ukishakuwa mgeni wa mmoja, majirani nao wanakudai. Nilikula wali wa nazi na pweza nyumba nne, na kukataa haikuwezekana. Usiku kuna ngoma na muziki pwani, vijana tele. Huko sina la kuwaelezea, nililala kwa shibe.

Sasa kwa mleta mada. Kama hamna mtu wa Makunduchi, ulizeni Wazanzibari mnaofahamiana nao hapo Mwanza, hamtakosa mwenye shangazi au mjomba kule. Msiende mikono mitupu: sukari, mchele, majani ya chai, na doti ya kanga kwa mwenye nyumba. Usimpe hela mkononi kama unalipa hoteli, ataudhika. Shemeji avae nguo ndefu na mtandio, wewe suruali, si kaptula. Julai kusi linavuma, usiku kuna kibaridi, bebeni sweta.

Na shati jeupe liache Mwanza.