Ingia ndani ya behewa, ufungiwe mlango

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kaliua aliniandikia: "Dada shikamoo. Nina magunia 200 ya mahindi na sembe kidogo. Nimepata behewa, la kizamani lakini bei nzuri. Nipakie au nitafute lori?" Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakata. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu, na lilinigharimu magunia 64.

Ilikuwa Machi, Mpanda, ambako tawi la reli kutoka Kaliua linaishia. Nilikuwa nimetunza mahindi tangu mavuno nikingoja bei ipande Mwanza. Behewa nalo nililisubiri wiki tatu. Lilipofika nikachungulia mlangoni, nikaona sakafu imefagiliwa, nikasema Alhamdulillahi, makuli pakieni. Magunia 240 ya mahindi, viroba 160 vya sembe. Macho yangu hayakupanda juu hata mara moja.

Safari ilichukua siku kumi na moja, nyingi zikiwa za kusimama tu yadini: mvua usiku, jua mchana. Tulipofungua mlango Mwanza, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Magunia ya katikati yalikuwa yameota. Machipukizi meupe yametokeza kwenye matundu ya salfeti, kama ndevu za mzee. Juu yake, kwenye bati, tundu la msumari ambalo hata kidole hakipiti. Maji ya tundu lile yalikuwa yameshuka gunia kwa gunia mpaka sakafuni.

Viroba vya sembe vilikuwa vikavu. Nikashukuru, mapema mno. Mama mmoja wa genge akafungua kimoja, akachota, akanusa, akanitazama. "Dada, huu ni unga au ugoro?"

Behewa lilikuwa limebeba tumbaku kabla yangu. Reli ile inapita Kaliua na Urambo, nchi ya tumbaku yenyewe, na mimi mwenyeji wa huko sikuwaza. Mahindi yakishika harufu unaweza kuyaanika, ukayapepeta, ukajaribu. Unga ukishanuka, basi.

Yale 64 niliambiwa niyakaushe niyachanganye na mazima. Sikuthubutu, baada ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hata mwenye kuku sikumuuzia. Jioni shemeji yangu mwenye lori akanipigia kunipa pole. Pole ile naikumbuka mpaka leo. Ilikuwa na kicheko ndani yake.

Sasa sikiliza, mdogo wangu wa Kaliua. Ingia ndani ya behewa mchana kweupe, mwambie kuli afunge milango yote miwili. Simama gizani mpaka macho yazoee. Kila unapoona nuru, maji yatapita hapo. Weka alama kwa chaki. Ukiwa humo humo, nusa. Mbolea, mafuta ya taa, dagaa, tumbaku: ufagio hauondoi harufu. Likinuka, unga usipande. Nasema tena, usipande.

Papasa kuta kwa kiganja. Misumari iliyochomoza igongwe irudi, maana behewa likianza kutikisika ndiyo inayochana magunia. Chini weka chaga, au mbao na turubai juu yake. Na usiegemeze mzigo kwenye bati. Usiku bati linapoa, mvuke wa mahindi unageuka matone, behewa linajinyeshea lenyewe bila wingu. Mlangoni ning'iniza turubai kwa ndani, kwa sababu mvua ya upepo inapenyea hapo.

Wamarekani zamani walisafirisha ngano ya rundo, bila gunia, kwenye mabehewa ya mlango wa pembeni kama haya yetu. Waligongelea mbao mlangoni kwa ndani, wakaziba nyufa kwa karatasi nzito, kabla ya mabehewa yenye midomo ya kumwagia chini kuchukua kazi hiyo. Yaani watu walilitengeneza behewa kwanza, ndipo wakapakia. Sisi tunapakia kwanza, tunalitengeneza kwa dua.

Lakini behewa zima halitaokoa mahindi mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mzigo juani; isipoganda, bado haijakuhakikishia hiyo 13.5. Na yule dumuzi, mdudu mtoboa mahindi ambaye wakulima wanamwita Skania, mmalize ghalani kwa mtu aliyesomea dawa. Vidonge vya gesi usitupie ndani ya behewa kwa siri. Kuna watu wanadandia humo usiku na gesi ile inaua.

Vijana hampendi kuchafuka. Mnataka kupiga picha mbele ya mzigo, mtume kwenye grupu, muitwe bosi. Bosi aingie gizani kwanza, atoke na utando wa buibui kichwani.

Mwezi uliopita nilipakia tena Mpanda. Behewa la kwanza nilihesabu nuru saba, nikalikataa, makuli wakaguna maana siku yao ilikuwa imekwenda bure. Nikakaa siku sita nikila chakula cha mama lishe wa stesheni. La pili lilikuwa na nuru moja, juu ya mlango, ikazibwa kwa lami na kipande cha bati nikiwa nimesimama pale pale. Mwanza yalishuka magunia 300 kati ya 300, na viroba vyote.

Yule mama wa genge bado yupo. Alifungua kiroba, akanusa, ndipo akanisalimia.