Kiti cha rili kinacheza kwenye fimbo, tepu inatosha?

Ndugu, umeuliza kama tepu ya karatasi inatosha kuziba nafasi kati ya kiti cha rili (sehemu inayoshikilia rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na fimbo ya kuvulia samaki. Inatosha, mradi usiizungushe mfululizo. Zungusha mikanda 3 yenye upana wa kama sentimita 1, acha nafasi katikati yake. Tepu inaweka kiti sawa tu, kinachoshika ni gundi, na gundi lazima ifike kwenye fimbo yenyewe. Usiweke mkanda ukingoni kabisa mwa kiti. Maji ya chumvi yakiifikia karatasi inalainika, na kiti kitaanza kucheza tena siku umenasa samaki mkubwa. Kwa fimbo ya baharini mimi naona bora bushi ya povu gumu, yaani pete nene inayovishwa kwenye fimbo badala ya tepu.

Kwanza piga msasa laini, uondoe mng'ao tu bila kula nyuzi za fimbo, na ndani ya kiti vilevile. Futa kwa spiriti. Tumia epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) inayokauka polepole. Ile ya dakika 5 itakugandia kabla hujanyoosha kitu. Sukuma kiti huku ukikizungusha mpaka gundi itokeze pande zote, kisha ifute kwenye nyuzi za skrubu za kiti papo hapo, la sivyo nati ya kukazia rili haitasogea tena.

Gundi ikiwa bado mbichi, funga rili, fumba jicho moja na utazame kutoka kitakoni mwa fimbo: mguu wa rili na pete za kupitishia mshipi ziwe mstari mmoja. Iache saa 24.