Sheikh, natafuta wateja onlaini huku nanyonyesha, shemeji anasema ni haramu

SWALI (lilikuja kwa voisi, nimelifupisha): Sheikh mimi nina mtoto wa miezi saba, tupo Dar, mume wangu dereva wa malori anaweza asiwepo hata wiki tatu. Nauza madera na nguo za watoto WhatsApp, nimeingia magrupu ya wafanyabiashara kutafuta watu wa jumla na wengi ni wanaume, mmoja yuko Guangzhou, China, ananirushia picha za mzigo mi naposti. Mume karidhia. Shida ni shemeji, kila siku anakuja ananiwekea klipu ya ustadhi anasema kuchati na mwanaume wa biashara ni khalwa, na mama anayefanya biashara kamdhulumu mwanawe. Nimeanza kulia hovyo. Nifunge?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Binti yangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikusikiliza wewe, ya pili nikamsikiliza mtoto, maana analia huko nyuma na wewe unambembeleza "basi baba, basi" alafu unarudi kwenye habari ya mzigo, nikatazama saa uliyotuma, saa nane na dakika kumi usiku. Hiyo saa nitairudia.

Usifunge. Mwanamke kufanya biashara sina haja ya kuijadili, Bibi Khadija, mke wa Mtume s.a.w. aliyekuwa mfanyabiashara, anatosha. Nataka niongee na hiyo klipu maana hujaletewa wewe peke yako, kwa wiki mbili hizi ni mtu wa nne ananitumia.

Khalwa iliyokatazwa kwenye hadithi ni mwanaume na mwanamke asiye maharimu wake kuwa peke yao mahali. Sasa meseji ya "dazeni bei gani, saizi zipo ngapi" ni mahali gani hapo, chumba kiko wapi, mlango uko wapi? Huyo ustadhi kaweka namba yake chini ya klipu ili aulizwe maswali, na wanaomuuliza wengi ni akina mama, je na yeye yuko khalwa na wote hao? Kuna kitu kweli hapo sikikatai, maongezi yanaweza kuanza na bei yakaishia kwenye "umelala?", na aya ya 32 ya Suratul Ahzab imekataza kulegeza maneno, basi ongea kibiashara, akianza utani usiojibika mblok, wauza madera hawajaisha. Lakini njia ya kuelekea kwenye haramu tunaizuia pale inapoelekea, hatufungi soko zima.

Alafu wallahi kuna jambo limenishangaza. Mtume s.a.w. alipowakataza wanaume kuingia kwa wanawake, mtu wa Ansar, wenyeji wa Madina waliompokea, akauliza, vipi shemeji? Akajibu, shemeji ndo mauti. Ipo Bukhari na Muslim. Sasa kaka mtu yuko kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, mdogo mtu yuko sebuleni kwa mkewe kila siku, anamuwekea klipu ya khalwa! Simtuhumu nia yake, huenda anaona anamlinda kaka yake, ila mwambie kwa adabu kwamba akija aje na mama yake au dada yake, la sivyo aishie barazani.

Akina ustadhi hao wanatoa pia aya ya 33 ya sura hiyohiyo ya Ahzab, "na kaeni majumbani mwenu". Sawa, na wewe si umekaa? Huko nyuma walisema mama asiende Kariakoo kubanana na wanaume, leo Kariakoo imemfuata kwenye simu yuko kitandani na mwanawe, wanasema hata hiyo hapana. Na aya hiyo hawakuielewa hivo walioteremshiwa, Bibi Sauda, mke wa Mtume s.a.w., alitoka baada ya hukumu ya hijabu, akasemwa njiani, akarudi kwa Mtume s.a.w. kulalamika akaambiwa mmeruhusiwa kutoka kwa haja zenu. (Wengine huleta kisa cha Shifaa, mwanamke sahaba, kwamba Sayyidna Umar alimpa usimamizi wa soko, mimi sikitumii, mwanazuoni Ibn al-Arabi alisema hakikusihi, na hatukihitaji.) Mfano mzuri zaidi ni Zaynab mke wa sahaba Ibn Masud, alikuwa na kazi ya mikono na mume hana kitu, akaenda mlangoni kwa Mtume s.a.w. akamkuta mwanamke mwenzie ana swali hilohilo, Bilal akatokea wakamtuma aulize kama inafaa kutoa sadaka kwa waume zao na mayatima wanaowalea, wakamwambia ila usiseme sisi ni nani. Jibu likaja wana ujira mara mbili, wa ukaraba (udugu) na wa sadaka. Angekuwepo ustadhi wetu pale angeuliza kwanza kwanini wanaongea na Bilal.

Na mtoto? Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja kunyonyesha miaka miwili kwa anayetaka kutimiza, ikampa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, na hata kumwachisha ziwa ikasema wawili waridhiane na washauriane. Kwahiyo hela yako ni yako, umeme na unga ni juu ya mumeo hata kama madera yanatoka. Akirudi safari usimuache alale siku tatu, Bibi Aisha aliulizwa Mtume anafanya nini nyumbani akasema alikuwa kwenye kazi za watu wake, basi na yeye ambebe mtoto wewe ufunge mizigo.

Kitu ambacho hukuniuliza ndo kinachonitia wasiwasi kuliko shemeji. Unaposti picha ya mzigo ulio China, mteja anakulipa, ndo unaenda kuununua. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume s.a.w. jambo hilihili, mtu ananitaka kitu sina, nimuuzie kisha nikanunue sokoni? Akaambiwa usiuze usichokuwa nacho. Dawa ipo. Mwambie yule wa Guangzhou uwe wakala wake, uuze kwa niaba yake kwa kamisheni mliyokubaliana, muandikiane. Au pokea oda kama ahadi tu bila hela, mzigo ukifika mkononi ndo mfunge bei. Biashara iitwayo salam nayo ipo, mteja analipa yote mwanzo, sifa, idadi na tarehe ya kukabidhi vinajulikana, ila kwa mzigo unaokwama bandarini sikushauri uanze nayo.

Na hiyo saa nane ya usiku, weka kwenye status kwamba oda mwisho saa tatu, simu iache sebuleni. Wa Guangzhou ametutangulia masaa matano, ukimuandikia saa mbili asubuhi kwake ni saa saba mchana, yuko macho. Kulia hovyo nako usikuchukulie kwamba ni udhaifu wa imani, mama ana miezi saba hajalala, kliniki unakompeleka mtoto kupima uzito muambie nesi hivohivo ulivyoniambia mimi.

Wallahu aalam. Akikubali habari ya uwakala nitumie mlivyoandikiana niangalie, ila tuma mchana.