Ampu ya valvu ya wati 5 kutoka Marekani inavuma: kagua ethi (waya wa usalama wa kwenda ardhini) kabla ya kugusa kapasita

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Ampu yako ya wati 5 (valvu ya mbele 12AX7 moja, valvu ya nguvu EL84 moja, muundo kama wa ampu ya Epiphone Valve Junior) inavuma hata gitaa likiwa halijachomekwa, na unataka sauti yake iwe laini zaidi. Fundi kakwambia ubadilishe kapasita zote (vijenzi vinavyohifadhi na kuchuja umeme). Usimpe hela bado.

Ampu hiyo ni ya volti 120, hezi 60. Hapa Dar umeme ni 230, hezi 50, kwa hiyo lazima unatumia boksi la kushusha umeme. Kwa volti zilezile, hezi 50 zinaongeza sumaku kwenye chuma cha transfoma kwa asilimia 20. Boksi likitoa 110, ongezeko hilo linabaki asilimia 10 hivi, na filamenti (waya za kupasha valvu joto) zinapata kama volti 5.8 badala ya 6.3, ambazo zinavumilika. Basi 110 inakufaa, na usihangaike kutafuta 120 kamili. Ampu yenyewe inakula chini ya wati 40. Boksi la VA (volti mara ampia) 100 za kweli linatosha, ila namba za kwenye stika tunazijua zilivyo, chukua la 200.

Shida kubwa ya maboksi haya ni ethi. Mengi yana tundu la pini mbili, na mengi hayatenganishi umeme wa nyumbani na ule wa upande wa pili. Chomoa plagi ya boksi ukutani, ampu ibaki imechomekwa kwenye boksi, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini kubwa ya ethi ya plagi ya boksi, nyingine kwenye boliti tupu ya chesisi (bati la mwili) ya ampu. Unatakiwa upate chini ya omu 1. Ukikosa kitu kabisa, chesisi inaelea: inaweza kuvuma, na siku waya wa moto ukigusa bati, nyuzi za gitaa zitakuwa na umeme mkononi mwako. Fundi apitishe waya wa ethi moja kwa moja kutoka plagi ya boksi hadi tundu la pini tatu. Ukumbuke pia kupima soketi ya ukutani, maana kuna nyumba ethi ni pambo tu.

Ethi ikiwa sawa na mvumo bado upo, usikilize. Umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja) usiochujika vizuri unavuma kwa hezi 100, jirani kabisa na G ya uzi wa sita, freti ya tatu, ambayo ni hezi 98. Piga hiyo noti ulinganishe. Mvumo ukiwa oktavi moja chini, ni hezi 50, na mara nyingi unatoka kwenye filamenti au mpangilio wa waya za ethi ndani. Halafu zima, acha ipoe, toa 12AX7, washa tena spika ikiwa imeungwa. Mvumo ukibaki, shida iko kwenye uchujaji au kwenye EL84. Ukipotea, tafuta upande wa mbele, kwenye 12AX7 na waya zake.

Kabla ya kufungua: kapasita zinahifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa umeme. Unga rezista ya kilo-omu 10, wati 10, yenye klipu mbili na waya zilizofunikwa, toka chanya ya kapasita hadi chesisi, sekunde kumi. Kisha pima. Usiguse mpaka multimita ionyeshe chini ya volti 10.

Mvumo ukiwa wa hezi 50, angalia kama filamenti zinatumia AC (umeme wa kubadilika mwelekeo) na kama waya wa katikati wa koili ya filamenti kwenye transfoma umeungwa kwenye chesisi. Kama hakuna, weka rezista mbili za omu 100, nusu wati, kila upande wa waya za volti 6.3 rezista moja kwenda chesisi. Kama filamenti ni za DC, acha kama zilivyo. Mvumo ukiwa wa hezi 100, ongeza ukubwa wa kapasita ya pili ya uchujaji, kwa mfano kutoka mikrofaradi 22 hadi 47. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanachomoa kapasita ya volti 400 kwenye bodi ya TV mbovu. Transfoma ya volti 250 ikipita kwenye dayodi inatoa kilele cha 353, na umeme ukipanda asilimia 10 ni karibu 390, tena valvu zikiwa bado baridi hazijaanza kula. Nunua mpya ya 450. Rezista na dayodi Kariakoo hutakosa, valvu jipange kuagiza.

Sauti sasa. Njia rahisi haihitaji solda: toa 12AX7 (nguvu ya kukuza 100), weka 5751 (70) au 12AY7 (44). Pini ni zilezile. Kwa gitaa la dansi au sebene, mimi ningeweka 12AY7, maana noti zinabaki zimeachana hata volyumu ikipanda. Besi ikiwa na matope, badilisha kapasita ya kathodi (pini ya valvu inayotoa elektroni) ya hatua ya kwanza ya ukuzaji kutoka mikrofaradi 22 hadi 0.68.

Na pima EL84, kikomo cha joto la anodi yake (bati linalopokea elektroni) ni wati 12. Mfano: volti 10 juu ya rezista ya kathodi ya omu 270 ni miliampia 37. Toa kama 4 za skrini (gridi ya pili ya valvu), zinabaki 33. Zidisha kwa volti 310 kati ya anodi na kathodi, unapata wati 10.2. Ukizidi 12, panda rezista ya kathodi hadi omu 330.

Spika yenye usikivu wa desibeli 100 badala ya 97 ni sawa na kuongeza wati maradufu, kwa hiyo ukitaka sauti kubwa anzia hapo. Kanisani penye ngoma bado utahitaji maiki mbele yake. Ampu isiwashwe kamwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaungua. Inverta ya mawimbi ya mraba nayo iache kwa taa.