Muuguzi Mkuu wa jimbo: cheo tu, au ana kazi kweli?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni nesi huku Marekani, kwetu Tanga, nafanya shifti za usiku. Jimboni kwetu kuna muswada wa kuweka Muuguzi Mkuu kwenye idara ya afya ya jimbo na wenzangu wanataka twende kwenye kamati tukauunge mkono. Sasa najiuliza, kwani bodi ya uuguzi si ipo? Huyu si bosi mwingine tu wa kulipwa? Mimi usiku nina wagonjwa saba na kila mara fomu mpya inashuka toka juu. Nishauri. – Nesi wa usiku

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na usiku.

Bodi na huyu ni vitu viwili tofauti kabisa, wengi tunachanganya hapo. Bodi kazi yake kumlinda mgonjwa: inatoa leseni, inasikiliza malalamiko, ikibidi inakunyang'anya hiyo leseni. Kukusemea kwamba wagonjwa saba ni wengi, hapana, haimo kwenye kazi yake. Muuguzi Mkuu anakaa ndani ya idara, pale pale mipango inapopangwa. Chukua chanjo ya mafua, idara inaamua shule zote zichanje wiki fulani, mezani wapo madaktari, wahasibu, wanasheria, wanaongelea dozi na mafriji weee, na hakuna anayejua kwamba nesi wa shule huko chini anazunguka shule tatu peke yake na saa hizo hizo ana watoto wa kisukari wa kupima kabla hawajala. Nesi akiwepo pale atauliza tu, nani atachoma hizo sindano? Na mpango unabadilika.

Na cheo chenyewe si kigeni. Serikali kuu ya Marekani ilimpa nesi Lucile Petry programu ya kusomesha manesi wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1943, wakahitimu zaidi ya 120,000, na 1949 akawa Muuguzi Mkuu wa huduma ya afya ya umma ya nchi nzima. Shirika la Afya Duniani nalo 2017 lilimteua Elizabeth Iro wa Visiwa vya Cook kuwa Muuguzi Mkuu wake, na 2020 ikatoka ripoti ya kwanza ya hali ya uuguzi duniani: manesi milioni 27.9, pungufu milioni 5.9. Hiyo ya kuhesabu naipenda sana mimi, maana jimbo lisilojua manesi wangapi wameacha kazi mwaka huu litapanga nini? Hata nyumbani Wizara ya Afya ina Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga.

Ila soma muswada kabla hujaunga mkono. Anaripoti kwa nani? Kama ni kwa mkuu wa idara mwenyewe, sawa. Kama amewekwa chini ya naibu wa msaidizi wa nani sijui, huyo atakuwa wa kuitwa Mei 12, siku ya wauguzi duniani, kusoma hotuba. Halafu cheo kiandikwe kwenye sheria, kikiwekwa kwa barua ya gavana, gavana ajaye anakifuta asubuhi moja, na kiwe na bajeti yake na watu wake.

Na sitaki nikudanganye, hao wagonjwa saba hatakupunguzia yeye. California walipunguza kwa sheria iliyosainiwa 1999 baada ya manesi na chama chao kusukuma miaka, ikaanza kutumika 2004, na toka 2005 nesi wa wodi ya kawaida mwisho wake wagonjwa watano. Muuguzi Mkuu anaweza kuwapa wabunge takwimu za kupitishia sheria kama ile, kusukuma mtasukuma wenyewe.

Kwa hiyo nenda mdogo wangu. Kamati kwa kawaida inampa kila mtu dakika chache tu, usizimalize kwa kuusifia uuguzi, waambie hao saba, waambie hizo fomu zinavyokuweka kwenye kompyuta saa tisa usiku huku kengele ya mgonjwa inalia, halafu ombeni kwa pamoja kile kipengele cha kuripoti kiwekwe sawa. Beji ya hospitali iache nyumbani na jina la mwajiri usilitaje, unaongea kama raia.